Staha ya Shangazi

Neno "staha" nililichukia tangu utotoni, maana kila nilipolisikia, alikuwa anasemwa shangazi yangu. Mwanamke mwenye staha, walisema majirani, hukaa miguu pamoja, husema kwa sauti ya chini na hacheki mpaka jino la mwisho likaonekana. Wanaume walipita vifua wazi mtaa mzima na hakuna aliyewauliza staha yao iko wapi.

Shangazi alikuwa fundi vioo. Alivaa suruali nzito na buti, na kicheko chake kilisikika hadi kwa kinyozi wa mtaa wa pili. Alinilea tangu wazazi wangu walipofariki, nikakulia karibu na meza yake ya kukatia. Kisu cha kioo hakina makali. Kina kigurudumu kidogo kama punje ya mtama, na mstari hupitishwa mara moja tu. Ukirudia, kioo kinavunjika kinapotaka chenyewe. Basi Shangazi alinyamaza, akavuta pumzi, akapitisha kisu, akagonga kidogo kwa chini, na kioo kizima kikaachana bila ugomvi. Sikuwahi kuizoea kazi ile. Mpaka leo nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Karakanani kwake hakuna aliyekimbia wala kupiga kelele. Na mafundi wake wawili aliwaonya kila siku, "Kioo kikianguka, kiacheni. Msijifanye magolikipa."

Nilipopata mchumba, mama yake alimwambia, "Binti sina neno naye. Lakini aliyelelewa na mtu anayecheka namna ile, staha ataitoa wapi?" Mchumba wangu akaniambia waziwazi kwamba hataoa bila radhi ya mama yake. Nilimkasirikia, lakini nilimpenda, na nilijua nikimkosa nitaumia.

Mama yule akataka kuja kutuona. Shangazi akasema, "Aje hapahapa karakanani. Asije akasema tumemuuzia mbuzi kwenye gunia."

Akaja na mwanawe, gauni safi, mkoba begani. Kiti alikikataa. Alizunguka akikagua kuta, akafika mbele ya kioo kirefu cha kujitazamia kilichoegeshwa ukutani, agizo la saluni, akasimama kuweka kilemba chake sawa. Alipogeuka, mkanda wa mkoba ukanasa kwenye pembe ya kioo. Akauvuta. Kioo kikabanduka ukutani, kikaanza kumwinamia.

Sikumwona Shangazi akivuka meza. Nilimwona tu yuko kati ya mgeni na kioo, amekipokea kwa bega na mikono mitupu, yeye aliyekataza ugolikipa. Ufa ulikuwa umekipasua kutoka juu mpaka chini. Mtikisiko mmoja tu, kingewashukia wote wawili.

"Dada yangu," alisema, kwa sauti ambayo sijaisikia tena popote, laini kama anamkaribisha mgeni kwenye chai. "Uvue mkoba begani, taratibu. Uache uning'inie hapohapo. Vizuri. Sasa rudi nyuma kidogo, kama unampisha mtu mlangoni."

Damu ilimtiririka hadi kiwikoni, naye aliugeuzia mkono ule upande wa pili, mgeni asiuone. Mama yule akarudi nyuma. Ndipo Shangazi alipoinama pamoja na kioo, akakilaza sakafuni vipande viwili, bila mlio.

Tukashusha pumzi. Hapo ndipo nilipoona kwamba gauni la mgeni lilikuwa limelowa, na maji yanaenea kwenye buti za Shangazi. Hofu ilikuwa imemzidi, haja ndogo imemtoka. Alisimama ameganda, macho chini, na mwanawe pamoja na mafundi walikuwa wanakimbilia kwetu. Leo nasimulia kwa sababu mwenyewe ameniruhusu, na akiwa amechangamka husimulia yeye, tena kwa mbwembwe.

Shangazi aliipiga teke ndoo ya maji ya kuoshea vioo. Yakamwagika yote, yakamlowesha mgeni mpaka magotini.

"Mimi na papara zangu!" alipiga kelele. "Nisamehe dada, nimekuharibia gauni! Nyie, mnatazama nini? Leteni suruali yangu ya akiba!"

Nilijua kwamba nimeona jambo kubwa, na nilijua pia kwamba sipaswi kuwa nimeliona.

Zahanatini, mama yule alikaa kwenye benchi ndani ya suruali ya Shangazi, miguu huku na huku, amemshika Shangazi mkono mzima huku ule mwingine ukishonwa. Mwanawe akashangaa, "Mama, wewe na suruali?"

"Nyamaza. Kamletee dada yangu maji ya kunywa."

Mwanawe alipotoka, mama yule akanigeukia. Alinikazia macho.

"Wewe ulikuwa karibu," alisema polepole. "Uliona nini pale?"

Nilihisi harusi yangu yote imesimama mlangoni ikisubiri.

"Nilimwona Shangazi akimwaga ndoo, mama. Hana utulivu kabisa."

Machozi yakamjaa. Mwanawe aliporudi na maji, aliyapokea, akamnywesha Shangazi kwa mkono wake mwenyewe, kisha akasema bila kugeuza uso, "Huyu binti utamuoa lini? Au unasubiri wengine wakuwahi?"