Saa ya Kuoshea Vyombo

Kwa miaka yote aliyofanya kazi redioni, Bi Saa Kamili hakuwahi kuvaa saa. Jina hilo alipewa na wasikilizaji, wala hawakuwa wakimtania. Yeye ndiye aliyesoma saa kabla ya taarifa ya habari, kwa sauti yake nzito kidogo, isiyo na haraka, na huko majumbani watu wakajua ni wakati wa kufunga duka, kuinjika chai au kuwaita watoto waingie ndani. Kumbe mwenyewe mkono ulikuwa mtupu. Mlangoni mwa chumba cha matangazo kulikuwa na bakuli la bati, na kila mtangazaji aliacha humo bangili, funguo, saa, chochote kinacholia, maana kipaza sauti hakijui kutunza siri. Yeye aliona kuvaa na kuvua kila siku ni kujisumbua bure. Akaacha kuvaa.

Saa aliyoitegemea ilikuwa ukutani, juu ya kioo kilichotenganisha chumba chake na chumba cha mitambo. Ilikuwa pana kama sinia, uso mweupe, mshale wa sekunde mwekundu, na haikutoa sauti hata chembe. Mshale ule haukuruka kama wa saa za nyumbani. Uliteleza tu, taratibu, bila kusita popote. Na upande wa pili wa kioo alikaa fundi mitambo, kijana mrefu mwenye Seiko ya chuma mkononi, ambaye kila ilipokaribia saa kamili aliinua mkono na kuigonga saa yake kwa kidole. Maana yake, jiandae. Walizoeana kwa ishara hizo kabla hawajawahi kukaa na kuzungumza kama watu.

Fundi huyo ndiye aliyekuja kumwoa. Waliishi pamoja hadi nywele zikabadilika rangi, kisha akaugua, hakukaa sana, akafariki. Seiko yake aliichukua mtoto wao wa kiume, ambaye anafanya kazi mbali. Baadaye kituo kikahamia jengo jipya, saa ikawa inatangazwa na kompyuta kwa sauti ya msichana ambaye hayupo, na Bi Saa Kamili akastaafu.

Kiinua mgongo kilibadilisha paa la nyumba na kikabaki kidogo. Mambo mengine yakaenda kama yanavyokwenda kwa wastaafu: maua kibarazani, magoti yanayolalamika, majirani wanaoingia bila hodi. Ila ilipokaribia saa kamili, alijikuta amenyamaza. Kama anakata kitunguu, kisu kinasimama. Kama yuko kwenye simu, anameza mate na kumwacha mwenzake akiuliza, "Halo? Upo?" Mwili ulikuwa bado unangoja ishara kutoka upande wa pili wa kioo. Akichungulia simu kuangalia saa, anakutana na lundo la ujumbe, anaanza kujibu, na mwisho anaiweka chini bila kujua ni saa ngapi.

Asubuhi moja wifi yake, dada wa marehemu, alikuja kunywa chai kama kawaida yake. Bi Saa Kamili akamwambia, "Nataka kununua saa."

"Hilo nalo la kunitangazia? Nenda sokoni, zimejaa tele."

"Nataka nzuri. Ya Kijapani. Ile ya maana kabisa."

Wifi akaweka kikombe chini, uso ukachangamka. "Ya kuendea harusini."

"Ya kila siku."

"Wifi, ya kila siku unanunua ya plastiki. Ya maana inakaa kabatini, unaitoa kwa shughuli."

"Mimi nataka ya kuoshea vyombo."

Wifi alimtazama kwa muda, kama anayetafuta dalili za homa. Bi Saa Kamili akamjazia chai, kisha akamweleza taratibu. Alikulia katika nyumba yenye kabati la vioo, na ndani ya kabati kulikuwa na seti ya vikombe vyenye ua la buluu, ambavyo mama yake alivinunua akiwa bibi harusi. Vilikuwa vya wageni. Wageni walikuja, mama akawatazama, akaona bado hawajafika wale wageni wenyewe, akawapa chai kwenye vikombe vya bati. Mwaka ukapita, na mwingine, na watoto wakakua wakivifuta vumbi bila kuvinywea. Mama alipofariki, walifungua kabati wakakuta vibandiko vya dukani bado viko chini ya visahani.

"Tuligawana," akasema. "Mimi nilipata viwili. Kimoja ndicho unachonywea."

Wifi aliinua kikombe akakitazama chini. "Hiki? Mbona kina ufa?"

"Kimepata ufa kwa sababu kinatumika."

Wifi hakuridhika hata kidogo, lakini alikwenda kuchukua mkoba wake. Alisema hawezi kumwacha mjane wa kaka yake akaibiwe mchana kweupe bila shahidi.

Duka lilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, na ngazi zilinukia ngozi mpya na gundi. Ndani kulikuwa kimya, ila kinyundo kilichogonga mahali fulani nyuma. Kulikuwa na makabati mafupi ya vioo, taa ndogo zilizoinamia saa kama mama anavyomwinamia mtoto mchanga, na nyuma kabisa pazia la kijani. Muuzaji, msichana aliyevaa glavu nyeupe, aliwavutia viti.

"Karibuni, mama zangu."

"Ahsante, mwanangu," akajibu wifi, akaketi. Kisha akamnyooshea kidole mwenzake. "Unamjua huyu?"

Msichana akatabasamu kwa adabu. "Simjui, mama."

"Bi Saa Kamili! Wa redioni!"

"Samahani, mama. Kwetu hatukuwa na redio. Tulikuwa na simu tu."

Wifi alifura kama aliyetukanwa yeye. Bi Saa Kamili alicheka kimyakimya, akamwomba binti amwoneshe za Kijapani alizonazo.

Kwanza ikaja ya dhahabu, nyembamba, yenye vito vidogo kuzunguka uso, na wifi akaidaka kabla haijatua mezani. Ilikuwa nzuri, hilo halikuwa na ubishi. Bi Saa Kamili aliivaa, akakunja kiganja kama anayesugua sufuria, akaivua. "Hii itakuwa inanifokea." Ikaja nyeusi, kubwa, yenye vifungo pembeni, ya kupigia mbizi. Aliivaa akahisi kama mkono umefungwa plasta. Ikaja yenye mkanda wa ngozi laini, na hiyo aliishika muda mrefu kuliko zote, lakini mkanda wa ngozi na sabuni havipatani.

Alipokuwa akizitazama zilivyopangwa, jambo moja likamshangaza. Akainama karibu na kioo, na bila kukusudia, sauti ikatoka ile ya kazini.

"Saa nne na dakika kumi. Zote zinasema saa nne na dakika kumi."

"Ndivyo zinavyopangwa, mama," akasema binti. "Mishale ikikaa hivyo, saa inaonekana kama inatabasamu."

Nyuma ya pazia, mlio wa kinyundo uliokuwa ukisikika tangu walipoingia ulinyamaza. Pazia likasogea, akatoka mzee mwenye aproni, kioo cha kukuzia kimepandishwa kwenye paji la uso. Alikuwa fundi wa duka. Alisimama akimtazama Bi Saa Kamili, mpaka binti akaanza kuona haya kwa niaba yake.

"Samahani, dada," akasema mwishowe. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sauti hii mimi nimeifanyia kazi." Alivuta kigoda akakaa. "Saa zote nilizotengeneza nilikuwa nazipanga mezani asubuhi, nimevuta vifungo vyake, nakungoja. Ukisema kamili, nabonyeza. Hata mke wangu alijua, wakati ule asinisemeshe."

Wifi akamgeukia muuzaji kwa jicho la ushindi.

"Na kuna siku ulicheka," fundi akaendelea. "Ulianza, 'Sasa ni saa', halafu ukacheka. Nikabaki nimeshika kifungo. Ulipokuja kusema, saa yenyewe imekwishapita. Siku ile wateja wangu wote walitembea na saa zilizochelewa."

Bi Saa Kamili aliweka mkono mdomoni. Siku ile hakuwa ameisahau, ila hakujua kwamba kuna mtu mwingine duniani anayeikumbuka.

"Mume wangu," akasema. "Bado hajawa mume wangu. Aligonga saa yake kama kawaida, nikafungua mdomo, akabandika karatasi kwenye kioo. Ameandika, 'Wazee wangu wanakuja kwenu Jumapili. Ukikataa, zima taa.'"

"Haa," akasema fundi.

"Nami swichi ya taa siifikii. Iko upande wake."

Wifi alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Kaka yake alikuwa mtu wa maneno machache, na nyumbani kwao walimwona mzito. Alifungua mkoba, akatafuta leso, akasingizia vumbi. Kisha akauliza, "Mkubwa wako kazini alisemaje?"

"Aliniandikia onyo. Mume wangu akaliomba, akaliweka pamoja na cheti cha ndoa."

Fundi aliinuka, akazunguka kabati, akamnong'oneza binti. Binti akafungua droo ya chini, akaleta saa ambayo haikuwa chini ya taa. Ilikuwa ya chuma, ya saizi ya wastani, uso mweupe kama karatasi isiyoandikwa. Haikuwa na kito wala kifungo cha ziada.

"Hii nayo ni ya Kijapani," akasema fundi. "Haina betri, ina springi. Lakini itazame mshale."

Mshale wa sekunde ulikuwa mwembamba kama unywele, nao haukuruka. Uliteleza kuzunguka uso, kimya, bila kusita popote. Bi Saa Kamili aliisogeza sikioni, hakusikia kitu, akairudisha machoni. Akakaa nayo hivyo. Hakuna aliyemharakisha, hata wifi.

"Naichukua hii," akasema.

"Haing'ai," wifi akajaribu, lakini bila nguvu.

Fundi alitoa pingili za mkanda mpaka ukamkaa vizuri, akamwambia maji ya jikoni hayana neno, ila asiigonge. Binti alileta sanduku la mbao lenye kitambaa laini ndani. Bi Saa Kamili alimshukuru kwa macho, akaliacha mezani. Alishuka ngazi saa ikiwa mkononi, na kilichokuwa kimebaki cha kiinua mgongo kikawa kimebaki dukani.

Haikumaliza mwezi bila kupata mkwaruzo wa kwanza, kwenye bomba la karo. Wifi aliuona, akafanya msiba. Alipokuja tena akakuta unga umeingia kwenye pingili, hapo uvumilivu ukamwishia. Aliivua mwenyewe mkononi mwa wifi yake, akaomba mswaki wa zamani, akaisugua kibarazani huku akihutubia juu ya watu wasiojua thamani ya kitu. Alipomaliza, akaijaribu mkononi mwake ili ikauke. Wakanywa chai, wakacheka, jua likashuka, akaaga, akaenda zake nayo.

Bi Saa Kamili alipiga simu.

"Jamani, nimeisahau mkononi," akasema wifi. "Nitaileta kesho."

Kesho hakuja. Keshokutwa alisema miguu imevimba. Siku iliyofuata hakupokea simu. Mwisho wa wiki Bi Saa Kamili akamfuata mwenyewe, akazunguka nyuma ya nyumba, akamkuta kwenye beseni, anafua mashuka, povu limefika viwikoni, na saa iko mkononi inameremeta.

Wakatazamana.

"Nilikuwa naipumzisha," akasema wifi.

"Naona."

"Sasa hivi naivua, namalizia shuka hili tu."

Bi Saa Kamili alivuta kiti kilichokuwa ukutani, akaketi, akavua viatu. "Huna haraka," akasema. "Kwani ni saa ngapi?"

Wifi alitoa mkono majini, akaupangusa kwenye kanga, akaitazama saa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.