Vikonyo vya Mwaka wa Kwanza

Mume wa Mabel, mpishi mstaafu wa misheni pale Newala, alileta nyumbani mzizi wa rubabi, ule mmea wa wageni ambao vikonyo vyake vichachu hupikwa kwa sukari na majani yake ni sumu. Aliupanda kivulini nyuma ya jiko, machipukizi yakiwa usawa wa udongo, akauzungushia samadi, na kila asubuhi akaumwagilia kikombe kimoja kimoja, kwa mkono uleule mzito uliozoea kukoroga masufuria ya watu mia. Kila aliyeuliza alijibiwa kwa sauti ya kusoma matangazo ya kanisani: "Mwaka wa kwanza haivunwi. Ukiikata, inakufa." Kasisi aliomba kikonyo kimoja tu, naye akajibiwa hivyo hivyo, akaongezewa chai.

Mwezi wa Agosti Mabel aliugua malaria, na baada ya dawa akabaki hana hamu ya kula. Uji ulirudi jikoni siku nne mfululizo. Siku ya tano alimwambia mumewe, "Baba Barnaba, ningepata kitu kichachu." Alikuwa akiwaza ukwaju. Mumewe alitoka, na kupitia dirishani Mabel akamwona ameinama, akigusa kikonyo kimoja baada ya kingine kwa kidole gumba, kisha akasikia kisu. Baadaye alirudi na kibakuli cha vikonyo vilivyopikwa, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mabel alionja, uso ukamkunjamana, akala mpaka mwisho.

"Kali kweli," alisema.

Mumewe alichungulia kibakuli kitupu. "Kesho nitaongeza sukari."