Si Shombo, Ni Uvundo

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alipara samaki kwa miaka ishirini na saba katika banda lililokuwa ukingoni mwa maji, hatua chache kutoka gatini. Alianza kama msichana wa kubeba ndoo, akaishia kuwa msimamizi wa wanawake kumi na wanne, na tangu siku hiyo watu wakamsahau jina. Akawa Nyapara. Hata mimi niliyekaa naye nyumba moja nilimwita hivyo. Nilimwita wifi nikiwa nimemkasirikia tu, au nikitaka kitu.

Mtu asikudanganye kwamba banda lile lilikuwa chafu. Meza zake za saruji zilisuguliwa mara tatu kwa siku, na mtaro wa maji ulisukumwa kwa fagio la miti mpaka maji yatoke meupe. Samaki aliyelala bila barafu hakuuzwa, alizikwa. Mwanamke mmoja aliwahi kuficha samaki wa jana chini ya wale wa leo. Nyapara alimvua aproni mbele ya wenzake, akaikunja vizuri, akamkabidhi mkononi kama anayemkabidhi cheti cha kufukuzwa. Jioni akirudi nyumbani alinawa kwa sabuni na ndimu, ananusa vidole, ananawa tena. Shombo kidogo ilibaki, ndiyo. Kaka yake alipokuwa hai alikuwa akimtania kwamba paka wa mtaa mzima wanamtaka uchumba.

Kisha wakubwa wa mji wakaamua ukingo ule upendezeshwe. Wakasema harufu inafukuza wageni. Wanawake wakaambiwa wahamie soko jipya, mbali huko, na wengi wakaona bora wakae nyumbani. Pakawekwa njia ya vigae ya kutembelea, mabenchi, vibanda vya kahawa. Banda likapakwa chokaa nyeupe, likatundikwa taa, likaitwa ukumbi wa maonyesho ya sanaa. Meza moja ya saruji waliiacha katikati, iwe pambo.

Sote tulidhani Nyapara hatakanyaga pale. Siku ya ufunguzi akaenda, kwa shari tupu, ili arudi na maneno. Akarudi kimya. Jumamosi iliyofuata akaniambia, "Wifi, vaa viatu."

Nikajua naye anataka kitu.

Alikuwa amependa picha. Simjui mtu mwingine aliyependa kitu ukubwani kwa namna ile. Alisimama mbele ya kila moja, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande, dakika kumi, kumi na tano. Kulikuwa na picha ya kiti kilichotundikwa taulo, kiti na taulo tu, na aliiendea Jumamosi nne mfululizo. "Taulo hili bado bichi," aliniambia. "Mtu ametoka kuoga sasa hivi." Picha za maji alizihukumu bila huruma: "Huyu anayajua maji. Huyu ameyaona kwenye kalenda." Mimi ni fundi cherehani, macho yangu yamechoshwa na sindano, kwa hiyo nilikwenda kwa ajili ya kukaa. Tukitoka ukumbini tulitafuta benchi, tukafungua chupa yetu ya chai, tukawasema watu waliopita na mavazi yao. Miaka miwili hivyo. Sijui kama kuna wajane wawili waliostarehe kutushinda sisi.

Jumamosi ile mlangoni palikuwa na bango: Kumbukumbu ya Harufu.

"Kumbe leo tunasifiwa," Nyapara alisema, akarekebisha mtandio.

Uvundo ulitupokea kabla ya dada wa mlangoni. Sisemi harufu. Ulikuwa kitu kizito, kitamu kwa ubaya, kinachokaa ulimini kama mafuta yaliyochacha. Juu ya ile meza ya saruji walikuwa wamerundika samaki, wazima wazima, labda mia moja, na walikuwa pale siku ya tano. Macho yao yamegeuka maji. Matumbo yamepasuka yenyewe. Ute wa kijivu ulitiririka kwenye kingo za meza ukatengeneza kidimbwi sakafuni, na ndani ya mashavu ya samaki, mahali ambapo kwa samaki mzuri huwa pekundu kama waridi, kulikuwa na funza wanaochemka. Wanachemka, ndilo neno. Rundo zima lilikuwa linapumua.

Watu walikuwa wamelizunguka, wamevaa vizuri, glasi za juisi mkono mmoja, leso puani mkono mwingine. Mama mmoja alikuwa akisema, "Inagusa sana," huku machozi yakimtoka, na hayakuwa machozi ya kuguswa.

Nilimtafuta Nyapara. Hakuwa anatazama samaki. Alikuwa anatazama ukutani.

Kwenye turubai lililotoka darini mpaka karibu na sakafu kulikuwa na picha ya wanawake wawili kazini. Mmoja alikuwa yeye, ujana wake, kisu mkononi. Mwingine alikuwa Kicheko, rafiki yake wa meza moja tangu siku ya kwanza, aliyefariki miaka mitatu kabla ya hapo. Kicheko amefungua mdomo wote, magamba yamemganda shavuni, na gauni limemteleza begani mpaka pasipostahili kuonekana na wageni. Mtu mwenye staha angesubiri avute nguo yake. Chini yake kwa herufi kubwa: Wanawake wa Uvundo.

"Kicheko hakuwa anacheka pale," Nyapara alisema taratibu. "Alikuwa anamfokea huyo mpiga picha atoke."

Msanii alikuja mwenyewe. Bwana wa makamo, skafu shingoni ingawa palikuwa na joto, kijitabu mkononi. Alimtazama Nyapara, akatazama ukutani, akamtazama tena, na uso ukamng'aa.

"Ni wewe! Jamani, ni yeye! Mama, ni wewe kabisa!" Akamshika mkono bila kuomba. Watu wakageuka, simu zikainuliwa. Yule mama wa machozi akasogea, akainamia vidole vya wifi yangu, akauliza, si kwa Nyapara, kwa msanii: "Je, harufu huwa inatoka, au inabaki milele?"

Nyapara akavuta mkono wake kama aliyegusa jiko.

"Mama," msanii akasema, "nimekutafuta bila kukujua. Ungekubali kukaa hapa kila siku alasiri? Na aproni, na kisu. Huhitaji kusema neno. Unakaa tu, kando ya samaki."

"Nikae na samaki waliooza?"

"Ndiyo. Huo ndio ukweli wenu. Watu wanaukimbia, mimi nataka waunuse."

"Ukweli wetu," Nyapara alirudia. "Baba, sikiliza. Katika banda hili samaki hakuwahi kuoza. Hata mmoja. Tulikuwa na shombo, sikatai. Shombo ni samaki aliyekufa asubuhi na mtu anayefanya kazi. Hii si shombo. Huu ni uvundo. Ni kazi ya mtu mvivu aliyeacha samaki juu ya meza yangu akaenda kulala."

Unajua alichofanya yule bwana? Alifungua kijitabu akaandika. "Endelea, mama," alisema. "Hasira hiyo ndiyo ninayoitafuta."

Hapo ndipo uvundo uliponishinda. Nilikimbilia mlangoni, nikatapika kwenye chungu cha maua. Nilipoinua kichwa, kijana mmoja alikuwa ananipiga picha.

Siku ile Nyapara hakula. Alinawa mikono mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana, ndimu baada ya ndimu, na mikono hiyo haikuwa imegusa chochote. "Waliniambia nanuka wakanitoa," alisema akiwa kwenye beseni. "Nikasema haya. Sasa wamekwenda kununua uvundo kwa makusudi, wameuweka palepale, na wameupa jina langu."

Asubuhi yake tulikwenda kwa binti wa Kicheko, muuguzi katika zahanati. Akatufuata mpaka ukumbini na sare yake. Alisimama mbele ya turubai, akamwona mama yake bega wazi vile, akatoka nje akavuta pumzi, akarudi. Akamwomba meneja wa ukumbi aiteremshe picha.

Meneja alikuwa mtu wa sauti laini. "Dada, nakuelewa. Lakini ilipigwa mahali pa wazi. Na msanii ni mgeni wetu wa heshima. Ni mwezi mmoja tu."

"Mama yangu ni marehemu."

"Ndiyo maana kazi hii ina uzito."

Muuguzi alikwenda kuwatazama nzi. Aliwafuata kwa macho kutoka kwenye rundo, wakipita dirishani, mpaka kwenye kibanda cha kahawa kilicho jirani, wakitua kwenye keki. Kisha akaenda kumtafuta bwana afya, ambaye anafahamiana naye kikazi.

Nyapara naye alizunguka mji mchana kutwa, mlango kwa mlango. Jumatatu, ukumbi ulipofunguliwa saa tatu, walikuwa wanawake saba mlangoni, wote wamepita miaka hamsini, wawili na fimbo. Wamevaa aproni zao za zamani. Ndoo zenye mifuniko, mabrashi, sabuni ya unga, fagio la miti. Mimi nilibeba ndimu.

"Leo hamna ada ya kuingia?" Nyapara alimuuliza dada wa mlangoni.

"Jumatatu ni bure, mama."

"Asante, mwanangu."

Sikuwahi kumwona wifi yangu kazini kabla ya siku ile, kusema kweli. Nilimfahamu wa nyumbani, wa kusahau miwani na kulalamika magoti. Yule niliyemwona alipiga makofi mawili na kila mtu akajua mahali pake. Mmoja meza, wawili ndoo, wawili sakafu, mmoja mtaro. Samaki walikuwa wamelainika kiasi kwamba ukimshika mmoja, mgongo unabaki mkononi na mengine yanaanguka. Funza walimwagika juu ya viatu vyao. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja tu alisema, "Shenzi kabisa," kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei, wakaendelea.

Meneja alikuja mbio. "Mnaharibu kazi ya sanaa! Nitaita askari!"

"Mwite," Nyapara alisema, "na aje na ndoo."

Askari akaja. Alifika mpaka kizingitini, akaziba pua. "Nani kaacha uchafu huu?" aliuliza. Akaoneshwa msanii. Nyuma ya askari akaingia bwana afya na muuguzi, na bwana afya hakuhitaji dakika tano. Alimwita mwenye kibanda cha kahawa, akamwonesha keki zake, yule bwana akazitupa zote pipani huku analaani. Ukumbi ukafungwa wiki mbili.

Msanii hakupigana. Alisema kazi yake imeuawa, akakunja vifaa vyake, akaondoka mjini siku ileile. Turubai aliliacha, halikuingia garini. Muuguzi alipanda ngazi mwenyewe akaliteremsha, tukalibeba sote kama mkeka mpaka kwangu.

Aliniomba nilikate. Nilichukua mkasi mkubwa wa nguo nzito, nikaondoa maandishi, nikaondoa bega, nikabakiza uso wa Kicheko na magamba yake shavuni, nikapiga pindo pande zote. Muuguzi aliukunja, akauweka mkobani, na mpaka leo hajautundika. Anasema kila akiufungua chumba kinanuka. Nimemwambia haiwezekani, niliufua mara tatu. Nyapara nilimuuliza kama anataka uso wake. "Wa nini? Ninao," alisema. Tukauchoma.

Ningependa kukuambia iliishia hapo. Baada ya miezi miwili muuguzi alikuja na gazeti. Kulikuwa na ukurasa mzima wa yule msanii, na picha: wanawake saba wameinama sakafuni, matako juu, wanasugua. Alikuwa amewapiga picha kupitia dirishani. Akasema usafi ule ulikuwa sehemu ya pili ya kazi yake, kwamba aliutarajia, kwamba sasa ameikamilisha na inakwenda kuoneshwa miji mingine.

Muuguzi alisoma mpaka mwisho kwa sauti. Nyapara alisikiliza huku anamenya kitunguu.

"Ameutarajia," alisema.

"Ndivyo alivyoandika, shangazi."

"Basi hakuna unachoweza kumfanya mtu wa namna hiyo. Ukimtemea mate atayatia kwenye chupa ayaandikie jina." Akasukuma ubao wa kukatia mbali naye. Kitunguu kile hatukukila.

Ukumbi ulifunguliwa tena, na picha za kawaida, na watu wanasema ni nzuri. Nilimbembeleza Nyapara miezi mitatu. Siku moja akakubali. Tulikuta michoro ya kuku, ya mwalimu fulani wa shule, kuku wenye hasira na kuku wanaoatamia, na zamani angesimama pale mpaka wafunge. Alizunguka mara moja, mikono haikwenda nyuma, akatoka.

"Vipi?" nilimuuliza.

"Anawajua kuku."

"Sasa?"

"Sasa nimesimama natazama kuku, na pua yangu inatafuta kilichooza. Sistarehe, wifi. Tuondoke."

Siku hizi Jumamosi tunapanda kivuko, tunakwenda ng'ambo. Kuna bustani ya miche huko, na mzee mmoja fundi wa rangi za nyumba anayetundika vibao alivyochora kwenye uzio wake, bila mlango wala juisi. Vingi ni vibaya. Nyapara humwambia hivyo usoni, na mzee humjibu kwa matusi ya kirafiki, na mimi hukaa kwenye kigogo nikamimina chai. Tukirudi, kivuko hupita karibu kabisa na ukumbi mweupe. Yeye huhamia upande wa pili, anashika bomba la ukingoni, anatema majini.