Kijiko cha Kuonjea

Kazi yangu ni kuwafundisha watu usafi, na hakuna apendaye kufundishwa usafi. Mwambie mtu hajui kusoma, atacheka; mwambie hajui kunawa, umemtukania na mamaake. Kwa hiyo nilipoanza katika kiwanda kidogo cha sharubati ya ukwaju pale Tibirinzi, niliwaambia tu kwamba hapa tunanawa kwa sabuni mpaka umswalie Mtume mara tatu bila haraka. Wanawake wale wakaridhika.

Vita vyangu vikubwa vilikuwa kuonja. Mpishi wetu, mtu mzima wa Chokocho ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, alionja ukwaju kama alivyoonja mchuzi maisha yake yote: tone kiganjani, alambe, arudi kukoroga. Nikaleta vijiko. Onja mara moja, kisha kijiko kiende kwenye ndoo ya vyombo vichafu.

"Kiganja changu nnakijua kuliko kijiko chako, mwanangu," aliniambia. Lakini alikubali. Ni mkali, si mbishi.

Sharubati hununuliwa zaidi Ramadhani, na Ramadhani kila mtu kafunga. Wala hatuwezi kutia chupani kitu ambacho hakikuonjwa, maana ukwaju wa gunia hili si wa gunia lile, na ukichacha watu watafuturu balaa. Shehe wa mtaani aliulizwa, akasema kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema yafaa, kwa kuwa kazi ina dharura. Bi Mkubwa akamsikiliza kwa adabu.

"Shehe kasema kweli," akasema. "Ila mie funga yangu siitii shaka."

Wengine wote wakamfuata. Ikabaki kuonjewa na mwanamke aliye katika siku zake, ambaye hafungi. Na kwetu jambo hilo halitangazwi. Mwanamke hula kwa kujificha hata kakaake asijue.

Aliyetuondolea haya ni mjaza chupa mmoja, mke wa mtu, mzaliwa wa Gando. Kila Ramadhani siku zake zikifika alinyanyua kijiko mbele yetu sote. "Leo mie ndo ulimi wenu," alisema, na wenzake wakachekea ndani ya barakoa. Wanaume wako nje kwenye mizigo, kwa hiyo tulicheka tupendavyo. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Alikuwa ameolewa miaka mingi na hajajaliwa mtoto. Mumewe hakuwa na neno. Aliyelia ni yeye. Kijiko kile kilimwambia kila mwaka kwamba bado.

Ramadhani iliyopita, siku ya mwanzo, nilisimama mlangoni kama kawaida. Haingii mtu kabla sijamuuliza mambo matatu: homa, kidonda, tumbo. Alijibu yote, kisha akanisogelea sikioni.

"Mwalimu, nakuomba nisibebe masufuria."

Sikuuliza kwa nini. Nikampeleka kubandika lebo, na nikaenda stoo nikatabasamu peke yangu.

Wakati wa siku zake ukafika, ukapita, hakugusa kijiko. Msichana mmoja akaonja badala yake, uso kaupa ukuta. Bi Mkubwa alianza kumletea tende za kufuturia, na sufuria ikitaka kuinuliwa walikimbilia wengine kabla hajageuka. Mimi nilifurahi kupita kiasi.

Katika kumi la mwisho alikuja asubuhi moja macho yamevimba.

"Homa?" nikamuuliza.

"Sina."

"Kidonda?"

"Sina."

"Tumbo?"

Akatazama sakafu. Nikamwambia arudi nyumbani akapumzike.

"Nyumbani nkafanye nini, mwalimu?"

Sufuria ilipokuwa tayari alinawa, akachukua kijiko, akaonja. Hakusema yeye ndiye ulimi wetu. Alisema, "Tangawizi haijatosha," akakitia kijiko ndooni, na ule mlio wake ukasikika chumba kizima. Nilikichukia kijiko kile. Nilijua pia kwamba muda si mrefu atatokea mtu wa kusema subira huvuta heri, na nilijua nitamfokea.

Bi Mkubwa ndiye aliyesogea. Akachukua kijiko safi, akagusisha ncha ya ulimi, akatema kwenye karatasi, akaitupa pipani. Mwanamke yule, ambaye hakumkubalia hata shehe!

"Kweli, mwanangu," akasema. "Haijatosha."

Akaenda kunawa. Nyuma yake akaja mwengine, akaonja, akatema, akasema haijatosha. Kisha mwengine. Walipanga foleni mpaka vijiko vikatuishia, wote wakikubaliana kuhusu tangawizi. Ungeingia saa ile usingejua nani kafunga na nani hakufunga. Mimi nililia, na kwa kuwa nimewakataza kujifuta uso kazini, machozi niliyaacha yashuke.

Tangawizi ikatiwa, ikakorogwa, sufuria ikafika wakati wa kuinuliwa. Yeye akainama kuishika mikono, kwa kuwa sasa hapakuwa na cha kumzuia. Bi Mkubwa akamwondoa taratibu.

"Wacha," akamwambia. "Weye hubebi."