Siku Klachi ya Shemeji Ilipoteleza

Jambo lote liligharimu shilingi elfu ishirini na nne na mia moja. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili nikitumaini zitapungua. Humo ndani mna mia nne za petroli, ile ambayo watu wa bodaboda walimmwagia shemeji yangu wakitaka kumchoma. Hawakumchoma, lakini petroli yao waliidai.

Shemeji huyu ni kaka wa mke wangu, anakaa Taveta. Ana pikipiki ya mbio, ile ya kulalia tangi, injini inalia kama bati linalokatwa. Wiki moja kabla, fundi mmoja hapa Voi alimbadilishia plate za klachi. Nilikuwepo, maana mimi ndiye niliyebishania bei. Fundi akafunga plate mpya, akajaza oili, akamwambia asiikimbize siku za kwanza.

Asubuhi hiyo shemeji alikuwa anakuja Voi. Kwenye mwinuko wa kabla ya Mwatate akataka kulipita lori la katani. Akavuta moto. Injini ikapaa, mshale ukaenda mwisho, lakini pikipiki yenyewe ikabaki palepale ubavuni mwa lori, na mbele gari dogo linakuja. Alijitupa mtaroni. Alipofika polepole kwa fundi, nilikokuwa namsubiri, goti lilikuwa nyama tupu, wala hakusalimu mtu. Alivua helmeti akampiga nayo mdomoni.

"Umeniwekea plate kuukuu! Ulitaka nife!"

Fundi aliangukia spana zake. Shemeji akampiga tena, na safari hii nilisikia jino likivunjika. Nilimshika kiunoni, akanikung'uta kama vumbi.

Sasa, mtu wa Taveta hawezi kujua kile ambacho kila mtu wa Voi anakijua. Karakana ile iko nyuma ya steji ya boda, na fundi yule huwatengenezea asubuhi wakamlipa jioni. Mmoja wao alibonyeza honi bila kuiachia. Wakaja. Hao sikupata nafasi ya kuwahesabu hata mara moja.

Walimwangusha kwa mateke. Mwingine alikuwa na mnyororo wa pikipiki, akamchapa nao mgongoni mpaka shati likagawanyika. Petroli ikatoka kwenye chupa ya soda, ikamiminwa kichwani mwake na kwenye tangi.

"Kiberiti nani anacho?"

"Jamani, subirini!" nikapiga kelele. Nikala kofi.

"Na wewe ni nani wake?"

"Shemeji tu," nikasema. Ile "tu" nadhani ilinipunguzia kofi la pili.

Aliyewazuia ni fundi mwenyewe. Alisimama, akatema damu. "Ngojeni! Mkimchoma sasa hivi, nitabaki kuitwa fundi wa plate kuukuu. Apime mwenyewe kwanza, kwa mikono yake."

Wakamwinua. Jamaa mmoja akamshika shingo kwa nyuma.

"Egemeza gurudumu la mbele ukutani," fundi akasema. "Washa. Tia gia ya pili, ongeza moto, uachie klachi."

Klachi nzima ingeizima injini hapohapo. Hii ikaendelea kunguruma, gurudumu la nyuma halizunguki.

"Si mmeona? Inateleza!" shemeji akasema. Kofi.

"Kuteleza tumeona. Tunatafuta sababu. Shika mkono wa klachi. Unacheza kidogo kabla ya kukaza?"

"Unacheza."

"Basi waya haukubana. Mwaga oili."

Oili ikashuka kwenye karai. Fundi akachovya kidole. "Yangu ilikuwa nyekundu. Hii nani kaiweka?"

Shemeji akainamia karai. Kofi.

"Mimi."

"Oili gani?"

"Ya gari. Ile ghali kuliko zote dukani." Aliongea jicho moja limefumba. "Yako ilikuwa ya bei rahisi. Niliona umeidharau pikipiki yangu."

Ilibidi fundi akae chini. Klachi ya pikipiki huogelea ndani ya oili ya injini, na zile oili za gari za bei ya juu zina utelezi unaofanya plate zisishikane. Shemeji alikuwa ameiponza klachi kwa heshima. Watu walicheka sana, na mwenye mnyororo, huku akicheka, akamchapa tena.

"Faini elfu kumi," mwenyekiti wa steji akaniambia. Kiberiti kilikuwa kimeshapatikana.

"Elfu tatu. Kipigo cha elfu saba ameshakula."

"Wewe mzee ni mbaya!" Tukakutana kwenye elfu tano. Midomo ya fundi na jino lake, elfu sita. Plate nyingine na oili nyekundu zikala zilizobaki, maana zile za kwanza zilikuwa zimeng'aa kama sahani. Zote nilitoa mimi, pesa ya ndizi ninazouza, huku shemeji akinuka petroli.

Alirudi Taveta na pikipiki inayovuta vizuri. Tangu hapo hajataja hata senti. Nikimpigia simu ananiuliza habari za mbuzi wa mahari ambao sijamaliza kupeleka kwao, na mbele ya wakwe siwezi kufungua mdomo. Nikizikata pesa hizo kwenye mbuzi, watasema nimeoa binti yao kwa plate za klachi. Nyinyi mliooa kabla yangu, nishaurini: mtu anamdaije kaka wa mke wake ambaye naye anamdai?