Mawe Matatu kutoka Kasansa

Mama mkwe wangu alisafiri siku nzima juu ya lori amepakata mawe matatu, akayaleta Mpanda, mji ambao wanaume wake walikuwa wanashinda chini ya ardhi kuchimba mawe. Watu wa lori walimcheka njia nzima. Pale kwenye kizuizi cha kukagua ndorobo, wale mbung'o, askari mwenye wavu wa kukamatia wadudu alifunua kapu lake, akatazama, akalifunika tena bila kuuliza kitu. Mimi sikuwepo, haya nilihadithiwa na dereva. Lakini bila mawe yale nisingekuwa mtu wa hapa, kwa hiyo nayaandika kama nilivyoyasikia.

Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, Albertville, katika Kongo ya Wabelgiji. Shule nilisoma miaka minne kwa masista, kisha wakaniweka jikoni kwao kuoka mikate. Wenzangu waliona ni kazi ya kuungua mikono. Mimi niliona raha tupu. Unga unaulaza umenywea kama mtoto mgonjwa, asubuhi unaukuta umejaa, umepanda, unakusubiri! Nikawa naota nitakuwa na tanuri langu mwenyewe, na watu watapita barabarani wakisema, "Ile harufu ni ya kwake."

Ndipo akaja fundi seremala kutoka Tanganyika, kijana wa Kasansa huko Mpimbwe, aliyekuwa anatengeneza maboti bandarini kwetu. Kila siku alinunua mkate mmoja, hata siku ambayo sisi wenyewe tulimwona ameshiba. Padri wa parokia yetu akatufungisha ndoa. Baadaye mgodi wa Mpanda ukamwita kwa kazi ya useremala, tukavuka ziwa kwa meli. Kigoma wakaniandikia karatasi ya kukaa miezi sita. Sikujali. Kwa umri wangu ule, miezi sita niliiona kama miaka sita.

Tulianzia Kasansa kwa mama yake. Kule kwao bibi harusi hawashi moto wake. Anakula chungu cha mama mkwe mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapompa mafiga yake, yale mawe matatu ya kuinjikia sufuria. Siku hiyo ndipo anakuwa mwanamke wa nyumba ile. Mama akaniambia, "Nendeni Mpanda, mwanangu anangojwa kazini. Nikishavuna mpunga nitakuja kukupa mafiga. Kwa sasa pika kwa wifi yako."

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa anakaa Kawajense, hapo hapo Mpanda, nyumba iliyopakana na yetu. Alinipokea vizuri, ila mdomo wake ulikuwa haupumziki. Kiswahili changu cha Kongo kilikuwa sherehe yake. Nikisema "batu" badala ya "watu", anaita majirani waje wasikie.

Basi nikapika kwa wifi. Lakini nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kichuguu, tena udongo wake mwekundu, laini, wa kufinyangika. Kila nikikipita kile kichuguu naona tanuri. Nikavumilia miezi minne, wa tano nikachukua jembe.

Wifi akaja akashika kiuno. "We mtoto wa ng'ambo, unafanya nini?"

"Tanuri, wifi."

"Umeshapewa mafiga?"

"Hili si jiko, wifi. Halina mafiga, halina sufuria. Ni shimo tu la mikate."

"Moto ni moto," akasema. "Mimi simo."

Nikacheka. Kwetu ng'ambo tanuri ni kitu cha kazi, kama msumeno wa seremala. Sikujua kwamba machoni pa Kasansa nilikuwa nimejiozesha mwenyewe. Nikawasha moto, nikaumua unga kwa machicha ya pombe ya wifi, nikatoa mkate wangu wa kwanza wa Mpanda. Wifi ambaye hayumo alikula vipande vitatu.

Wakati ule mkate wa Mpanda ulitoka Tabora kwa garimoshi, ukifika unaweza kupigia msumari. Nikaupeleka wangu kwa msimamizi wa jiko la mgodi. Akaubonyeza kwa kidole, ukarudi juu wenyewe, akacheka kama mtoto. "Lete kibali cha kazi," akasema, "uanze wiki ijayo."

Nikakimbilia boma. Karani akasoma karatasi yangu ya Kigoma, kisha akaniangalia kwa huruma. "Dada, kibali cha kazi anapewa mwenye ruhusa ya kukaa. Karatasi yako inakwisha Jumatano ya wiki ijayo."

"Lakini nimeolewa na mtu wa hapa!" Nikamtolea cheti cha parokia. Kilikuwa cha Kifaransa. Akaingia nacho kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, akakaa huko muda mrefu, akatoka na jibu. Cheti ni kizuri, ila Bwana Shauri anataka wazee wa baraza wathibitishe kwamba nyumba ya mume inanitambua. Jumatatu mama wa mume aje aseme mbele yao. Akisema ndiyo, nitapata ruhusa ya kukaa na ya kufanya kazi, zote pamoja. Akikataa, au asipokuja, Jumatano napanda garimoshi kurudi kwetu.

Niliona jambo limekwisha. Mama mkwe wangu ananipenda, nini tena? Tukampa dereva wa lori la Kasansa ujumbe. Alhamisi akarudi na majibu. Alisimama mlangoni anazungusha kofia mikononi.

"Mama kasema hivi: kama huyo binti ameshawasha moto wake, mimi nije kufanya nini?"

Nilimgeukia wifi. Akatazama chini. "Nilimtumia habari za tanuri," akasema. "Sikujua itafika huku, wifi yangu. Nilikuwa nakusifia nusu, nakusengenya nusu."

Nikakaa chini pale pale kizingitini nikalia. Ndipo wifi akanieleza vizuri, kwa upole, mara ya kwanza bila kunicheka: mama alikuwa amesubiri siku ile ya mafiga tangu mwanawe anazaliwa. Ni siku moja tu mama wa mvulana anapewa, na mimi nimemlia siku yake. Kufukuzwa na Bwana Shauri ningevumilia, nadhani. Kumwumiza yule mama aliyenipakulia nyama kabla ya wanawe, hapana. Mume wangu akaweka randa chini, akasema, "Wakikurudisha, tunarudi wote." Nikajua atapoteza kazi, nikazidi kulia.

Nilipomaliza kulia nikaoka mkate mmoja mkubwa. Nikaufunga kwenye kitambaa safi, nikampa dereva. "Mwambie mama, huu umetoka kwenye moto niliouwasha bila yeye. Naomba radhi. Tanuri nitalivunja akitaka."

Ijumaa kimya. Jumamosi kimya. Jumapili kanisani sikusikia hata injili ilisema nini.

Jumatatu wazee watatu walikaa kwenye benchi la baraza, karani na daftari lake pembeni. Tulikaa tangu asubuhi hadi alasiri. Mzee wa katikati alishasema, "Sasa tufunge," ndipo lori likaingia limejaa vumbi. Mama akashushwa, mweupe kwa vumbi kichwa hadi miguu, kapu lake amemkataza kila mtu kulishika.

"Mama," mzee akaanza, "huyu binti unamjua?"

"Namjua. Mkaidi."

Watu wakacheka.

"Tunauliza kama ni mke wa mwanao."

"Nafika hapo. Nyie mna haraka gani, mmeketi toka asubuhi." Akajifuta uso kwa khanga. "Huyu aliwasha moto kabla sijampa. Nikakasirika, nikasema siji. Halafu akaniletea mkate, anasema ndio kosa lake hilo. Nikasema siugusi. Nikauweka kichanjani. Kesho yake nikaumega kidogo tu, nione kosa lenyewe lina ladha gani."

"Ehe?"

"Nikalila kosa lote. Jirani alipokuja nikamwambia hakuna kitu hapa."

Baraza zima lilivunjika mbavu, hadi karani akaweka kalamu chini. Mama akachuchumaa, akatoa jiwe la kwanza, la pili, la tatu, meusi kwa masizi, akayapanga sakafuni mbele ya wazee kama jiko.

"Haya alinipa mama mkwe wangu, naye alipewa na wake. Nimewapikia juu yake watoto saba. Jana na leo nimekula kiporo cha baridi, maana nyumbani kwangu hakuna jiko, jiko liko hapa." Akaniangalia. "Njoo uchukue mafiga yako, mkwe wangu. Nao waandike kwamba ni mke wa nyumba yangu."

"Niandike na mawe?" karani akauliza.

"Andika," mzee akasema. "Andika na masizi."

Bwana Shauri alitoka ofisini kuona kelele ni za nini. Akayazunguka yale mawe, akasoma daftari, akarudi ndani. Aliporudi alikuwa na karatasi yangu: ruhusa ya kukaa kama mke wa mwenyeji, na ruhusa ya kufanya kazi, muhuri juu ya muhuri, wala haina tarehe ya mwisho. Niliibusu mbele ya watu. Wifi akapiga kigelegele, kisha akatangaza, "Batu bote bamesikia!" Siku ile nilicheka kuliko wote.

Nyumbani mama aliyapanga mafiga mwenyewe, akafanya ishara ya msalaba, akawasha, tukasonga ugali. Tulipokwisha kula akachota makaa kwa kigae, akatoka nyuma ya nyumba. Nilidhani anakwenda kulivunja tanuri. Akainama, akayamimina ndani.

"Sasa moto wake una kwao," akasema. "Oka."

Nilianza kazi mgodini wiki ile ile. Wanaume wakitoka zamu walipita nyuma ya jiko wakivuta pua, na mmoja akasema, nilimsikia kwa masikio yangu, "Ile harufu ni ya yule mama wa ng'ambo."

Jumamosi tukamsindikiza mama kwenye lori, kapu lake limejaa mikate. Abiria wakamkumbuka.

"Mama wa mawe! Leo umebeba nini tena?"

Akajiweka sawa juu ya gunia, akalipakata kapu.

"Kosa la mkwe wangu," akasema. "Na sigawi."