Mtumbwi Unaelea, Mama Haelei

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa, nilimkuta mama mmoja wa Kikongo dukani Ujiji akitafuta mikanda ya kutundikia machela, kitanda cha turubai kinachoning'inia. Mama yake mzee alikuwa akilala chini penye unyevu, na kifua kilikuwa kikimbana.

"Chukua kamba hii ya nailoni," muuza duka alimwambia. "Ndiyo inayofunga mitumbwi yote ya hapa."

"Mtumbwi ukikatika kamba unaelea, baba. Mama yangu ataelea wapi?"

Akachagua mkanda mpana, akaupapasa kingoni kutafuta uzi uliokatika. Muuza duka akauzungusha kwenye nguzo ya baraza, akapitisha ncha mara moja katika kile alichokiita chuma. Jina lake ni bizimu, kibanio cha chuma kilicho mwishoni mwa mkanda.

"Imara!"

"Basi ning'inia wewe kwanza."

Tukacheka. Muuza duka akaushika mkanda kwa mikono miwili, akakunja magoti. Ncha ikateleza polepole, naye akaketi sakafuni na heshima zake zote.

Yule mama hakucheka. Aliipitisha ncha katika bizimu, akairudisha ndani mara ya pili, akaacha mkia wa shibiri moja, kisha akaning'inia mwenyewe, kanga ameibana magotini. Mkanda haukusogea.

"Nipe miwili," alisema.

Nilirudi kwangu Katubuka, nikaikagua machela niliyokuwa nikijipumzishia kila alasiri. Ilifungwa kwa kamba ya mtumbwi. Siku hiyo nilijipumzisha kitandani.